Bomba la gesi likipangwa kupita kwenu: vibali vinapitia wapi na we unaingilia wapi

Wakuu, siku mkiona vijana wamevaa vesti za kung'aa wanakatiza mashamba na kimashine cha GPS mkononi huku wanapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, jueni mengi yalishaamuliwa mezani kabla hawajafika hapo. Sisemi habari ndo imeisha, ila ile sehemu ambayo neno la mtu wa kawaida linabadilisha kitu bila gharama imeshaanza kupita. Nimejifunza hili kwa hasara ya mjomba wangu kule kusini. Mradi mmoja (sio wa gesi, na siutaji) ulipita kwenye shamba lake, mzee ana mikorosho 41, kwenye fomu ikaandikwa 14, akaweka dole gumba, nakala hakubaki nayo, ikaisha hiyo. Mpaka leo anafuatilia mikorosho 27 na kila anakokwenda anaulizwa ushahidi uko wapi.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya watu kama mjomba, na kwa nyie watoto wao mlioko mjini mnaopigiwa simu "mwanangu huku kuna watu wanapima." Mengi nitaongelea Tanzania maana ndo nakokujua, Kenya nitaigusa mwishoni.

Kitu cha kwanza kukiweka kichwani ni kwamba hakuna kibali kimoja cha bomba la gesi. Watu wanadhani kuna siku waziri anakaa, anasaini karatasi, bomba linaruhusiwa. Kuna mazingira, kuna ardhi, kuna leseni na bei, na kila kimoja kina ofisi yake na muda wake, ukienda ofisi sio utazungushwa hadi muda wa ofisi yenyewe uishe.

HATUA YA 1: Jua bomba ni la nani na liko hatua gani

Kabla hujaenda popote uliza maswali matatu kwa mtendaji wa kijiji au halmashauri: mradi unaitwaje rasmi, mwenye mradi ni nani, na cheti cha mazingira kimeshatoka au bado. Hilo la tatu ndo linakwambia umechelewa kiasi gani.

Alafu jua nani anasimamia nini. Wizara ya Nishati ndo sera. TPDC ni shirika la taifa la petroli, ndo mwenye lile bomba kubwa la Mtwara hadi Dar, na kampuni yake tanzu ya GASCO ndo inaliendesha. PURA inasimamia mkondo wa juu, yani kutafuta gesi na visima. EWURA inashika mkondo wa kati na wa chini, maana yake gesi ikishasafishwa na kuingia kwenye bomba kubwa ni habari ya EWURA. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndo mazingira. Ardhi ni Wizara ya Ardhi na Mthamini Mkuu wa Serikali. Nimeshaona mtu anapeleka malalamiko ya fidia EWURA, wanampokea vizuri tu na kumrudisha, nauli ishakwenda.

Hapa niseme kidogo kuhusu hilo bomba la Mtwara maana ndo darasa letu kubwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982, ile ya Songo Songo ndo ikaanza kuja Dar mwaka 2004 kwa bomba la kwanza. Alafu likaja lile kubwa, inchi 36, zaidi ya kilomita 500, linatoka Madimba linapita Somanga hadi Kinyerezi, linaweza kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku, limejengwa kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1.2 kutoka benki ya Exim ya China. Jiwe la msingi Novemba 2012, uzinduzi Oktoba 2015. Sasa angalia tarehe za makaratasi: Sera ya Gesi Asilia imetoka Oktoba 2013, Sheria ya Petroli ni ya 2015. Bomba lilitangulia, sera na sheria zikalifuata nyuma. Katikati hapo ndo watu wa Mtwara wakaandamana kuuliza sisi tunabaki na nini, na Mei 2013 bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni mji ukawaka moto, watu wakafa, jeshi likaingia. Mi huwa nasema wale watu hawakuwa wanapinga bomba kama bomba, walikuwa wanauliza maswali ambayo yalitakiwa kuulizwa na kujibiwa mapema kwenye mikutano, na mahali pa kuyauliza hawakupaona.

Leo mahali papo. Pameandikwa kwenye sheria. Shida ni kujua pako wapi.

HATUA YA 2: Mazingira, usiudharau huu mkutano

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mradi mkubwa kama bomba la gesi haupiti bila tathmini ya athari kwa mazingira, wenyewe wanaita TAM au EIA. Mwenye mradi anausajili NEMC, anaajiri wataalamu waliosajiliwa, wanaandaa hadidu za rejea (yani orodha ya mambo watakayochunguza), wanatembelea njia ya bomba, wanaongea na wananchi, wanaandika ripoti, ripoti inapitiwa na kamati ya wataalamu, ndo cheti kinatoka kikiwa na masharti yake.

Wewe unaingia pale "wanaongea na wananchi". Na hapo ndo tunapoboronga. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya mnada, wanakuja watu 30, wanapewa soda, anasimama mzee anashukuru serikali, anasimama kijana anauliza ajira, mkutano unafungwa. Kwenye ripoti inaandikwa wananchi wameupokea mradi. Na ni kweli, si ndo walichosema!

Ukipata nafasi ya kuongea achana na kuunga mkono au kupinga. Taja vitu vinavyoonekana kwa macho na mahali vilipo. Kisima cha kina mama kiko wapi na kiangazi kinabaki na maji au hakibaki. Njia ya mifugo inakatiza wapi. Makaburi ya zamani yasiyo na misalaba wala mawe, ambayo mgeni hawezi kuyajua. Mto unaofurika masika unafika wapi. Shule iko umbali gani na mstari waliouchora. Mtaalamu anaweza kuisogeza njia ya bomba mita mia mbili kwenye ramani kwa sababu ya kisima, hiyo ni kalamu tu. Bomba likishafukiwa hakuna wa kulisogeza.

Alafu hakikisha ulichosema kimeandikwa. Mwombe mtendaji muhtasari wa mkutano, upige picha kwa simu kurasa zote, na kama ulichosema hakimo andika barua moja ya ukurasa mmoja, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Hii ya muhuri wa kupokelewa nitairudia hadi mnichoke.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, kanuni za tathmini zinataka ripoti iwe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ripoti ni ya kitaalamu hutaielewa. Omba ule muhtasari wa Kiswahili, kaeni hata vijana wawili watatu msome, mwangalie kijiji chenu kimeandikwaje. Kuna kijiji nilisikia kimeandikwa hakina shughuli za kilimo ndani ya njia ya mradi, wakati kuna mashamba ya ufuta pande zote mbili.

Na cheti kikitoka msiulize cheti tu, ulizeni masharti yake. Kule ndo kumeandikwa vumbi, milipuko ya mawe, kurudisha udongo wa juu, barabara za kijiji zitakazoharibiwa na malori. Siku mkandarasi anavunja sharti we unakuwa nalo mkononi.

HATUA YA 3: Ardhi na fidia (hapa nitakaa sana)

Swali la kwanza la kuuliza hapa: ardhi inachukuliwa kwa sheria ipi? Maana kuna njia mbili na hazifanani.

Ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla (yani itoke mikononi mwa kijiji), Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndo unakubali au unakataa, likizidi hapo waziri ndo mwenye kauli baada ya kijiji kutoa maoni yake. Sasa piga hesabu. Chukulia mkuza, yani ule ukanda wa ardhi linamopita bomba, una upana wa mita 30 na unakatiza kijiji chenu kwa kilomita 8, hiyo ni hekta 24 tu, mbali kabisa na 250. Kwa njia hii mkutano mkuu una nguvu kuliko mnavyodhani, na nasema mkutano mkuu, sio mwenyekiti na watu wake watatu.

Njia ya pili ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, hapo Rais anatwaa kwa manufaa ya umma, na bomba la taifa ni manufaa ya umma, hapo kukataa hakusaidii sana, mazungumzo yanabaki kwenye fidia. Ila hata hapo lazima notisi itoke, na muda wa kawaida wa kuachia eneo haupungui wiki sita. Notisi hiyo itafute, itunze.

Haya, uthamini. Kabla mthamini hajafika fanya haya, na fanya wiki hii, usisubiri:

Hesabu mwenyewe. Kila mti, kwa aina na umri, mkorosho mkubwa na mchanga havina bei moja. Piga picha na video ukitembea kuanzia mpaka mmoja hadi mwingine huku unataja tarehe kwa sauti. Jirani yako wa mpakani awepo, asaini kwenye daftari lako.

Weka sawa jina. Hii inaua watu. Shamba liko kwa jina la babu aliyefariki 1998, wajukuu kumi na mmoja, kila mmoja anasema la kwake, mthamini anaandika "mgogoro" anasonga mbele, na pesa inakaa huko huko. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mapema mkafungue mirathi, msimamizi ateuliwe, mpate barua. Mkisubiri siku ya malipo mtatafuta vikao vya ukoo huku wenzenu wanajenga. Na kama shamba ni la mke na mume, majina yote mawili yaandikwe, mama asiambiwe "wewe utapata kwa mzee".

Akaunti ya benki ifunguliwe, jina lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Juma Saidi na Juma Saidy kwa benki ni watu wawili.

Mthamini akija, tembea nae. Usimtume mtoto. Akihesabu nawe hesabu. Fomu isome, kama huoni vizuri mwite mtu unayemwamini akusomee, alafu ukisaini andika namba kwa maneno pia: arobaini na moja. Piga picha fomu ikiwa imeshasainiwa na pande zote. Mjomba angepiga picha moja tu kwa simu ya jirani, leo hii habari ingekuwa nyingine.

Fidia sio bei ya miti na nyumba peke yake. Kanuni za fidia zinataja pia thamani ya ardhi yenyewe, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayehamishwa kwenye nyumba, gharama ya usafiri wa mizigo tani 12 kwa umbali wa hadi kilomita 20, na kama una biashara pale, faida inayopotea kwa miezi 36. Hivyo ukiletewa jedwali lina mstari mmoja tu wa "mazao" uliza mistari mingine iko wapi. Makaburi nayo yana sheria yake kabisa ya kuhamisha, ya 1969, yasichanganywe kwenye hesabu ya mihogo.

Kuhusu "tarehe ya ukomo" nisikufiche. Ikishatangazwa, ukipanda au kujenga baada yake hulipwi. Kuna watu wanapanda mipapai usiku kucha wakisikia mradi, wathamini wanaijua hiyo michezo tangu zamani na inawachafua hata wenye haki. Lakini pia kuna upande wa pili, watu wanaambiwa wasiendeleze maeneo alafu mradi unakaa kimya miaka. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasaidia hapo: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka miwili haijalipwa uthamini unakufa, unafanyika upya. Kwa hiyo tarehe ya kuidhinishwa ni ya kuiulizia na kuiandika ukutani kabisa. Wengi wanahesabu kuanzia siku ya kupimwa, sio hiyo.

HATUA YA 4: EWURA, leseni na bei

Hii wengi wanaona haiwahusu. Bomba linahitaji kibali cha kujengwa na leseni ya kusafirisha gesi, na maombi ya leseni hutangazwa ili mwenye pingamizi aandike. Usipokuwa na hoja ya kiufundi hapa huna la kufanya sana, nisikudanganye.

Ila bei ni jambo lingine. Gharama ya kusafirisha gesi kwenye bomba inalipwa na mnunuzi, mnunuzi mkubwa ni mitambo ya umeme kama ya Kinyerezi, na umeme unalipa wewe. Kabla ya kupanga bei hizi EWURA hufanya kitu kinaitwa taftishi, ni kikao cha wazi cha kukusanya maoni, na unaweza kuandika hata kama hukuhudhuria. Kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, kazi yao ni kukusemea mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa Baraza la Ushindani. Basi, tusonge.

HATUA YA 5: Ujenzi ukianza

Hapa daftari linaendelea. Nyumba ikipata ufa baada ya milipuko, picha ya kabla na ya baada. Barabara ikifukuliwa, tarehe. Mradi mkubwa huwa na afisa mahusiano ya jamii na fomu ya malalamiko, jaza, chukua namba ya lalamiko. Malalamiko ya mdomo kwa dereva wa kijiko hayafiki popote.

Bomba likishafukiwa mkuza sio shamba la bure. Usijenge, usichimbe kisima, usichome mkaa wala usipande miti ya mizizi mirefu juu yake. Yale mabango ya njano sio mapambo, na msiyang'oe kwenda kuyauza kama vyuma chakavu jamani.

HATUA YA 6: Ukitaka kupinga, angalia kalenda kwanza

Ngoja nitoe mifano miwili, sio ya gesi lakini inafundisha.

Mwaka 2020 mashirika ya kiraia yalipeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga. Novemba 2023 ikatupwa. Mahakama haikufika hata kwenye hoja za mazingira, ilisema mmechelewa, mkataba wa jumuiya unatoa miezi miwili tangu jambo lifanyike au mlijue, na makubaliano mnayoyalalamikia ni ya 2017. Miaka mitatu ya kesi, ikakwama kwenye tarehe.

Upande wa pili, Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulishapewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wenyeji wakaenda Baraza la Mazingira la Taifa, na Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ushirikishwaji wa wananchi haukufanyika ipasavyo. Waliwahi, na hoja yao ilikuwa jinsi wananchi walivyoshirikishwa.

Kwa Tanzania mambo ya fidia anza na barua, kwa mwenye mradi na nakala kwa mkuu wa wilaya na Mthamini Mkuu, muhuri wa kupokelewa (nilisema nitarudia). Msipoelewana mgogoro wa fidia ya utwaaji unakwenda Mahakama Kuu, na kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Siku 90 ni nyingi kama kuna muda unakukimbiza upande mwingine, kwa hiyo tafuteni mwanasheria kwa pamoja kama kundi, vituo vya msaada wa kisheria vipo mikoani. Mtu mmoja mmoja mtaliwa nauli tu.

Kwa ndugu zetu wa Tanga, Kwale na Mombasa

Mei 2021 rais Samia alipokwenda Nairobi ilisainiwa makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa kupita Tanga. Makubaliano ya marais sio kibali. Bomba likivuka mpaka linahitaji vibali vyote mara mbili, upande wetu NEMC na EWURA, upande wa Kenya NEMA na EPRA (wasimamizi wao wa nishati), na ardhi kule inatwaliwa kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, NLC. Kule Kenya uamuzi wa NEMA unakatiwa rufaa ndani ya siku 60, na ushirikishwaji wa wananchi uko kwenye katiba yao, kwa hiyo mtu wa Kwale ana fimbo ambayo mwenzake wa Mkinga hana, japo wanazikana na kuoana.

Kama hamjaona vigingi bado, basi mirathi ifunguliwe na minazi ihesabiwe sasa hivi. Mjomba yeye siku hizi kila mkorosho ameuandika namba kwa rangi ya mafuta kwenye shina, kuanzia 1 hadi 41, ukifika kwake kusalimia lazima akutembeze shamba zima mpaka namba ya mwisho ndo mnywe chai.